Unafungua akselereta ya chombo cha habari Dar? Chagua eneo hivi ili vijana wafike kweli

Wadau, hii ni kwa wenye kampuni za habari, iwe redio, tv, gazeti au hata wale wa mtandaoni waliokua wakapata hela kidogo, mnaotaka kufungua akselereta, yaani ile programu ya miezi mitatu minne ambayo mnachukua stataapu (kampuni changa) kadhaa, mnazipa mtaji wa kuanzia, mnazipa watu wa kuzielekeza na kuzifungulia milango ya kampuni yenu, halafu mwisho zinasimama mbele ya wawekezaji. Watu wanakesha na mambo ya mtaala, nembo, majaji, sijui nani aje kufungua, ila swala la tukae wapi linaamuliwa mchana mmoja tu na bosi na dalali. Kwa mji kama Dar hapo ndo programu inapoharibikia.

Dar ni ndefu jamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 na hao watu wametawanyika kutoka Bunju mpaka Mbagala, kutoka Kigamboni mpaka Mbezi Luis na huko Chanika, halmashauri tano, na mtu wa Chanika na mtu wa Bunju wote wanakwambia wanakaa Dar lakini ukiwaita kikao saa mbili asubuhi mmoja wao lazima aamke alfajiri sana. Kijana mwenye wazo zuri la podikasti au app ya habari za wakulima mara nyingi hana gari, na anakaa kwenye chumba cha bei anayoiweza, pembeni ya mji. Ukiweka ofisi sehemu ambayo yeye anafika amechoka na ameishiwa nauli, utabaki na watoto wa sehemu moja tu ya mji halafu utasema vijana hawajitumi.

Hatua ya 1: Andika kampuni yako inatoa nini hasa

Kabla hujampigia dalali, kaa na karatasi uandike ni kitu gani stataapu itakipata kwako ambacho haiwezi kukipata kwa mtu mwingine. Meza na waifai sio jibu, meza ziko kila sehemu. Chombo cha habari kina vitu vingine: wasikilizaji, kumbukumbu za kanda na picha za miaka na miaka, studio, wahariri wanaojua nini kinauzika, na watu wa matangazo ambao wana namba za simu za kila benki na kila kampuni ya vinywaji hapa mjini.

Angalia mfano wa Los Angeles, mji mwingine uliotawanyika mpaka basi. Disney walipoanzisha akselereta yao huko 2014 kwa kushirikiana na Techstars, kampuni ya Marekani inayoendesha akselereta, moja ya stataapu za kundi la kwanza ilikuwa Sphero, wale wa vimpira vya roboti vinavyoendeshwa na simu. Bob Iger, bosi mkuu wa Disney wakati huo, mwenyewe akawa mlezi wao, na kwenye kikao kimoja akawaonyesha picha za roboti ya filamu ya Star Wars iliyokuwa haijatoka bado, akaona wale jamaa wanaweza kuitengeneza, na 2015 Sphero wakaiingiza BB-8 madukani kama toi. Dili lile lilitoka kwa mtu mwenye uwezo wa kufungua droo kukaa kiti kimoja na watu wenye ujuzi. Kwa hiyo swali la eneo linaanzia hapo, nani ana ufunguo wa droo kwenye kampuni yako na huyo mtu anakaa wapi kutwa.

Kama unachotoa ni hela tu na mafunzo ya wiki mara moja, ruka hatua ya 2.

Hatua ya 2: Pima umbali kutoka kwa watu wako, usipime kutoka kwenye bango la kampuni

Chagua watu watano ndani ya kampuni ambao programu haiendi bila wao. Kwa kawaida ni mhariri mmoja mwenye sauti, mtu wa mauzo ya matangazo, anayetunza maktaba ya kanda, fundi wa studio, na mwanasheria au mhasibu. Hao ndo uwapigie hesabu. Mhariri wa habari akiwa na dakika 40 kati ya kikao cha asubuhi na kazi ya mchana atakuja kama ni mwendo wa bajaji moja, akitakiwa kukatiza mji hatokuja, atakwambia "nitawatumia video", na hiyo video haitokuja.

Sasa ukiangalia ramani, vyombo vyetu vimekaa kwenye mafungu. Mikocheni kuna IPP na ITV yao na Radio One, kuna Clouds, kuna TBC ya televisheni, halafu ukienda mbele Mbezi Beach kuna Wasafi. Fungu la pili ni la Barabara ya Mandela, Mwananchi wako Tabata Relini, Azam upande huo huo wa Tabata, na magazeti ya serikali ya Daily News na HabariLeo yako Tazara. Haya mafungu mawili hayako mbali sana kwa ramani ila kwa foleni ya jioni ni safari kamili, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa Mikocheni ukautumia Tabata.

Kanuni ninayoiamini ni hii, akselereta iwe nje ya geti la kampuni ila isizidi gari moja. Nje ya geti ni muhimu kwa sababu ukiwaweka vijana ndani ya jengo la kampuni, kila asubuhi mlinzi atawaandikisha kwenye daftari na kuwauliza wanamfuata nani, wataogopa kuleta wateja wao, wataogopa kubaki usiku, na mkuu wa kitengo fulani akikosa mtu wa kumsaidia kazi atawaona wao ni mafildi waliokuja kujifunza na ataanza kuwatuma. Ila ukiwapeleka mbali kabisa wanageuka kuwa kitu cha kitengo cha mahusiano, wanapigwa picha siku ya ufunguzi na siku ya kufunga basi.

Hatua ya 3: Fuata njia za vijana, na uzipite mwenyewe

Hii ndo hatua ndefu na ndo wengi wanairuka.

Fungua maombi kabla hujakodi ofisi. Kwenye fomu weka maswali mawili ya ziada: unakaa mtaa gani, na ukitoka nyumbani kwenda mjini unapanda gari ngapi. Ukishapata maombi yako mia au mia mbili yaweke kwenye ramani, utaona picha ambayo hakuna dalali atakuonyesha.

Halafu piga hesabu ya nauli kwa uaminifu. Tuseme gari moja ni shilingi 600. Anayepanda gari mbili kuja na mbili kurudi anatumia 2,400 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Anayepanda tatu ni 3,600 kwa siku, yaani 79,200 kwa mwezi, na bado hajala. Sasa kama stataapu ina watu watatu na wewe umewapa mtaji mdogo wa kuanzia, ujue kipande cha mtaji wako kinaishia kwa makonda, na ikiwa sehemu yenyewe haina daladala inabidi kila siku mtu amalizie na bodaboda ndo kabisaa. Ndo maana nasema kodi ya ofisi isiangaliwe peke yake, jumlisha kodi na nauli za watu wote mtakaowachukua, unaweza kukuta ofisi ya bei juu kidogo iliyo karibu na stendi ndo rahisi kuliko ya bei chee iliyojificha.

Baada ya hapo chukua maeneo matatu ya mwisho uliyoyapenda na uyaendee kama wao wanavyoenda. Anza Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi. Siku nyingine anza Mbagala Rangi Tatu, siku nyingine Tegeta, Kimara, Kigamboni. Usiende Jumamosi na usiende mwezi shule zimefungwa, foleni inadanganya. Muhimu kuliko yote, fanya safari ya kurudi saa mbili usiku, maana akselereta haiishi saa kumi na moja, watu wanabaki wanarekebisha vitu vyao mpaka giza, na hapo ndo utaona kama daladala bado zipo, kama kituo kina taa, na kama dada anayetoka peke yake na laptopu begani atapita wapi kutoka getini mpaka barabarani. Usimtume dereva wa ofisi akakuletee ripoti, panda mwenyewe.

Kuhusu mwendokasi, njia ya kwanza iliyoanza 2016 inatoka Kimara mpaka Kivukoni na ina matawi ya Morocco na Gerezani, kwa hiyo sehemu yoyote unayoweza kuitembelea kwa mguu kutoka Morocco, Magomeni au Ubungo tayari ina mgongo mzuri. Njia nyingine zimejengwa na zinajengwa kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Ila usikodi leo kwa matumaini ya barabara itakayokamilika kesho, maana kipindi cha ujenzi eneo linakuwa gumu kuliko lilivyokuwa, vumbi, njia za kuchepuka, vituo vinahamahama. Kodi kwa usafiri uliopo wiki hii.

Hatua ya 4: Linganisha maeneo bila kuangalia sifa

Masaki na Oysterbay. Mabosi wanapapenda, wawekezaji wa nje wanakaa huko, mikahawa mizuri. Kwa siku ya mwisho ya kuonyesha kazi mbele ya wawekezaji kodini ukumbi huko, sawa kabisa. Kwa kazi ya kila siku mimi nasema hapana, ni rasi, njia za kuingia chache, daladala ni za kuhesabu, na sahani ya chakula cha mchana inaweza kulingana na nauli ya kijana ya siku mbili.

Posta ina faida ambayo watu wameisahau. Kila gari linafika, mwendokasi unaishia Kivukoni, pantoni ya Kigamboni iko pale, boti za Zanzibar ziko pale, na stesheni ya treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 iko hapo hapo jirani. Kama programu yako inachukua watu wa Zanzibar na Morogoro wanaokuja siku mbili kwa wiki, Posta haina mpinzani. Shida ni parkingi, majengo mengi yanazima mambo mapema jioni, na wikiendi mitaa mingine inakuwa kimya mno. Wahariri wako wa Mikocheni au Tabata nao utawaona kwa nadra.

Kijitonyama mpaka Makumbusho na Mwenge, hapa ndo pangu kwa kampuni yoyote ya fungu la Mikocheni. COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, wapo hapo Sayansi na ndani yake kuna Buni Hub, kituo cha kulea wabunifu ambacho kimekuwepo tangu 2011, kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu iko Kijitonyama, shule ya uandishi wa habari ya chuo hicho hicho iko Mikocheni, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wako Sam Nujoma pale Mawasiliano Towers, stendi ya Makumbusho inapokea daladala za pande karibu zote za mji na stendi ya Simu 2000 nayo haiko mbali. Yaani mwanafunzi wa kompyuta, mwanafunzi wa habari na mhariri wanaweza kukutana bila mtu kupanga safari. Nairobi iliwahi kutokea kitu cha namna hii, iHub, kituo cha watu wa teknolojia, walipofungua 2010 kwenye jengo la Bishop Magua pale Ngong Road, wengine kama Nailab wakawa kwenye jengo hilo hilo, na barabara nzima ikapata jina kwa watu wa teknolojia ingawa vyombo vikubwa kama Nation viko katikati ya mji. Vijana wanaenda walipo vijana wenzao, hilo huwezi kulilazimisha kwa tangazo la redio.

Mikocheni kwenyewe, ile ya viwanda vidogo, ina magodauni ambayo ukiyapata ni mazuri sana kwa kazi za video maana dari liko juu na mnaweza kujenga studio ndani. Nafasi Art Space wako kwenye eneo hilo na wasanii wameshazoea kwenda. Ila pima kutembea kutoka barabarani, kuna mitaa ya ndani ambayo ukishuka Mwai Kibaki bado una mwendo.

Kwa kampuni za Mandela, msihangaike kuvuka kwenda Mikocheni kwa sababu tu huko kuna jina. Tafuteni kati ya Ubungo, Riverside na Tabata. Ubungo mna mwendokasi na daladala za kila upande, na vijana wa Gongo la Mboto, Segerea, Kinyerezi na Kimara wanafika kirahisi kuliko wangefika Mikocheni. Malori ya bandarini yanaharibu Mandela, ni kweli, kwa hiyo jengo liwe upande ambao watu wako hawahitaji kukatiza barabara ile mara nne kwa siku, na madirisha ya chumba cha kurekodia yasiangalie barabara.

Sinza ni rahisi kufika na chakula kipo masaa yote, tatizo ni muziki wa baa. Kama stataapu zako zinarekodi sauti, nenda Ijumaa saa tatu usiku usikilize ukiwa ndani ya chumba chenyewe. Na kumbuka Sinza iko Manispaa ya Ubungo wakati Kijitonyama jirani yake iko Kinondoni, ukivuka hapo katikati ya mwaka leseni ya biashara inakuwa na ofisi nyingine ya kushughulika nayo.

Hatua ya 5: Kagua jengo wakati wa mvua na wakati wa giza

Nenda kwenye jengo mvua ikinyesha. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, ukikodi Agosti barabara kavu unaona kila kitu kizuri. Msimbazi ukifurika Jangwani panafungwa na njia za kwenda mjini zinabanana mji mzima, hilo huwezi kulikwepa, ila unaweza kukwepa kukodi kwenye bonde. Msasani Bonde la Mpunga jina lenyewe linakwambia, na Mikocheni kuna mitaa ambayo maji yanakaa siku kadhaa. Muulize mama ntilie wa nje ya geti maji yanafika wapi, yeye hana sababu ya kukudanganya, dalali anayo.

Umeme: uliza luku ni ya kwenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine, maana kuchangia luku na saluni na duka la nyama ni ugomvi wa kila wiki. Uliza kama ni fezi tatu kama mtakuwa na studio yenye AC. Jenereta iwepo, na iwekwe kwenye karatasi kwamba inawashwa muda gani na mafuta analipa nani.

Intaneti msikubali kampuni moja tu. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja na intaneti ya nchi ikayumba vibaya, waliokuwa na njia nyingine waliendelea na kazi na wengine wakarudi nyumbani. Uliza watoa huduma wawili tofauti kama faiba yao imeshafika kwenye jengo lile, lile lenyewe, sio "mtaa wa jirani", na muulize kila mmoja anatumia nyaya zipi kutoka nje. Ukikuta wote wawili wanategemea njia moja basi una mtoa huduma mmoja tu kwa bili mbili.

Vyoo viwe tofauti vya wanawake na wanaume na vyenye maji. Tanki liwepo. Chumba kimoja kiwe cha kimya kabisa kwa kurekodi, na kingine kidogo chenye mlango wa kufunga, kwa mama anayenyonyesha na kwa anayeswali, maana vijana wengi ninaowajua wanaacha programu kwa vitu vidogo kama hivyo na hawasemi. Chakula cha bei ya kawaida kiwe ndani ya dakika tano za kutembea. Na mlango wa chini uwe na njia ya kiti cha magurudumu, au ofisi iwe chini.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kusaini

Kodi chumba cha mikutano kwenye eneo hilo hilo kwa wiki moja, au ongea na habu (kituo cha stataapu kama Buni) iliyopo jirani ikupe nafasi, halafu ita waombaji wako ishirini bora kwa mafunzo ya siku tano kuanzia saa mbili asubuhi. Andika nani kafika saa ngapi na katokea wapi. Waite na wale watu wako watano wa ndani, kila mmoja siku yake, bila kuwapa gari la ofisi. Ikifika Alhamisi utajua kila kitu: kama mhariri hajatokea na watu wa Mbagala wanaingia saa nne, eneo limekataa, hata kama jengo lina kioo mpaka juu.

Hatua ya 7: Mkataba

Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali anataka ya kwake. Omba mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza kwa bei mliyoiandika tangu mwanzo, na kipengele cha kuondoka kwa notisi kama kundi la pili halitakuwepo. Hakikisha kibali cha matumizi ya eneo kinaruhusu ofisi, nyumba nyingi nzuri za Mikocheni na Kijitonyama ni za makazi kwenye karatasi na siku afisa wa manispaa akigonga hodi ni wewe utakayehangaika. Kama ni kampuni inayokodi, kuna zuio la asilimia 10 ya kodi ya pango ambalo mpangaji unakata na kupeleka TRA, kwa hiyo siku ya kukubaliana bei andikeni wazi kama ile namba ni kabla au baada ya zuio, wenye nyumba wengi wanataka yao kamili mkononi na hapo ndo bajeti inapasuka. Andika pia haki ya kutumia jengo usiku na wikiendi, funguo ngapi mtapewa, na mlinzi analipwa na nani, halafu nenda na mashahidi mkasaini mbele ya wakili.

Kama eneo ulilolipata lina njia moja tu ya kuingilia, kundi la kwanza lianze Juni, masika ikiwa imeshaisha.